Mlevi wa siti ya pembeni kanivunja jino angani, shirika linasema nimtafute yeye. Nani analipa?

Swali nililotumiwa, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo wakili. Miezi 17 iliyopita nilikuwa nakuja likizo Dar kutoka Ghuba, mimi ni msusi, nafanya kazi saluni kule kwa mkataba wa miaka 2. Tiketi ya kwenda na kurudi alinikatia bosi. Nilikaa siti ya katikati, jamaa wa dirishani akaanza kuagiza pombe kabla hata chakula hakijapita na wahudumu wakawa wanampa tu. Nikamwambia dada mhudumu mara mbili anihamishe, akasema ndege imejaa vumilia. Baadaye jamaa kagombana na kaka wa siti ya nyuma kisa kulaza kiti, karusha kiwiko kikanipata mimi mdomoni, jino la mbele likavunjika, nikaangukia mkono na kifundo kikapata ufa. Sikusuka miezi 2 na nusu. Tangu hapo naogopa ndege, nikiwaza kupanda tu usingizi hakuna. Polisi wa eapoti walimchukua jamaa, nikasikia kaachiwa. Shirika limeandika kwamba kosa ni la abiria mwenzangu so nidai kwake, ila wao kwa ubinadamu wananipa vocha ya dola 150, nisaini fomu. Nichukue?"

Marahaba dada, na pole sana. Kabla sijaeleza chochote, hiyo fomu usisaini. Nitarudi kwake baadaye maana ina stori yake.

Imeili yao nimeisoma mara 2 na nikwambie ukweli haijaandikwa kijinga. Wanasema aliyekupiga ni mlevi, sio sisi, na kwa akili ya mtaani mtu akisikia hivyo anaona kweli bwana, kwani konda wa daladala ndo analipa abiria wakizichapa Ubungo? Ndo maana watu wengi wanachukua vocha wanaondoka. Lakini ukishapanda ndege ya kutoka nchi moja kwenda nyingine uko chini ya sheria ya aina yake, Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania imo, Kenya imo, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu nao wamo, na ule mkataba hauanzi kwa kuuliza nani mkosaji. Ibara ya 17 inauliza vitu vitatu tu: kulikuwa na ajali? ilitokea ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka? na wewe umeumia mwili? Vyote vikiwepo shirika linalipa, alafu kama lina hasira na mlevi ibara ya 37 inaliachia mlango wazi limdai yeye. Kwa hiyo kumtafuta mlevi ni kazi yao, wana jina lake, namba ya paspoti yake na mawakili wa kumfuata, wewe una nini, sura yake tu tena ya mtu amelewa.

Sasa ugomvi wote uko kwenye hilo neno ajali, na hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa kesi yako.

Sisi tukisikia ajali tunawaza basi limepinduka Kitonga. Kwenye sheria ya ndege neno hilo ni pana kuliko hivyo, na maana yake inayotumika karibu kila mahali ilitoka kwa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985, kesi dhidi ya Air France, enzi za Mkataba wa Warsaw uliotangulia huu wa Montreal na wenye neno hilohilo. Mama mmoja alisafiri Paris kwenda Los Angeles, ndege ilipokuwa inashuka sikio lake la kushoto likauma na akaja kupoteza usikivu, wakati mfumo wa hewa wa ndani ya ndege ulikuwa unafanya kazi kama siku zote. Alishindwa. Mahakama ikasema ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, na liwe limetoka nje ya mwili wa abiria mwenyewe, sasa ndege kushuka kama inavyoshukaga kila siku sio tukio la ajabu. Ila kwenye hukumu hiyohiyo, iliyomshinda yule mama, majaji wakagusia kwamba mahakama za chini zilishaipa ibara hiyo upana wa kutosha kubeba hata madhara yanayofanywa na magaidi au na abiria wenzako, na moja ya kesi walizozitaja ni ya mlevi aliyemwangukia abiria mwenzie ndani ya ndege! Yaani mlevi wako alishajadiliwa miaka 40 iliyopita.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba njia ni nyeupe, maana baada ya hapo mahakama zenyewe ziligawanyika. Mwaka 1992 huko New York kuna abiria alipigwa ngumi na mwenzie kwenye ndege ya British Airways, mahakama ikasema hapana, hizo ngumi hazina uhusiano wowote na uendeshaji wa ndege, wangeweza kupigana popote hao. Hii ndo hoja ambayo wakili wa shirika lako ataibeba kama Msahafu, kwamba ugomvi wa watu wawili sio jambo la usafiri wa anga. Dawa yake ikaja mwaka 2000, New York hapohapo, mahakama ya rufaa, kesi dhidi ya Korean Air. Dada alipanda Seoul kwenda Los Angeles, siti ya dirishani, akalala, mwanaume wa siti ya jirani akamshika mwilini akiwa usingizini. Majaji wakaangalia mazingira ya ndege yenyewe: daraja la chini limebanwa, taa zimezimwa, amekwama kati ya dirisha na huyo mtu, wahudumu hawakuona kitu. Wakasema hiyo ni ajali, maana ni shirika ndo lililomweka pale, kwenye ule ufinyu, na mtu yule. Mwaka huohuo mahakama nyingine ya rufaa, ya Boston, ilikuwa na kesi ya American Airlines kuhusu mlevi aliyeendelea kupewa pombe huku dalili zote anazo, ikasema hilo la kuendelea kumpa linaweza kabisa kuwa sehemu ya ajali. Na Ulaya wao walimaliza ubishi mwaka 2019, kesi ya katoto kalikomwagikiwa kahawa ya moto kwenye ndege ya kutoka Mallorca kwenda Vienna, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hakuna haja ya kuonyesha kwamba tukio lina uhusiano na hatari za kuruka angani, ilimradi halikutarajiwa, limedhuru na halikukusudiwa.

Sasa rudi kwenye siti yako. Wewe una vitu viwili ambavyo yule wa 1992 hakuwa navyo, pombe iliyotoka kwenye toroli la shirika, na zile mara 2 ulizomwambia mhudumu. Hizo mara 2 dada ni dhahabu, na nikueleze kwa nini.

Januari 1998 daktari mmoja mwenye pumu alikuwa anasafiri na mkewe na ndege ya Olympic kutoka Athens kwenda New York. Wamewekwa karibu na safu za wavuta sigara, enzi hizo bado watu wanavuta ndani ya ndege. Mkewe akamwomba mhudumu wahamishwe, akaambiwa mkae. Ndege ikaruka, moshi ukaanza, akaomba tena, akajibiwa ndege imejaa. Akaomba mara ya 3. Ilikuja kujulikana kulikuwa na siti 11 tupu. Mumewe akafa mlemle ndani ya ndege. Shirika likajitetea kwamba moshi wa sigara ni kitu cha kawaida ndani ya ndege kwa hiyo hakuna ajali hapo, na kwamba mhudumu hakufanya kitu chochote sasa kutofanya kitu kunakuwaje tukio. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa, ikasema mhudumu kukataa kusaidia mtu anayeomba msaada, kinyume na utaratibu wa kazi yake, nalo ni tukio lisilo la kawaida, ni kiungo kwenye mnyororo. Sasa soma tena ulichoniandikia: "akasema ndege imejaa vumilia." Maneno yaleyale! Cha kwanza nitakachowadai mimi ni orodha ya siti za siku ile, nijue kama kweli ilikuwa imejaa.

Kuhusu hela. Hapa watu huwa wanasikia namba wanachanganyikiwa, ngoja niiweke polepole.

Mkataba umegawa malipo ngazi 2. Ngazi ya kwanza ina kiwango kinachohesabiwa kwa SDR, hicho ni kipimo cha fedha cha IMF, kwa ajali za kuanzia 28 Desemba 2024 ni SDR 151,880 kwa abiria mmoja na kabla ya hapo ilikuwa 128,821. Hiyo mpya kwa dola inavuka laki 2. Ndani ya kiwango hicho shirika haliruhusiwi kujitetea kwamba halina kosa, likishathibitika tukio ni ajali na umeumia basi imekwisha. Ngazi ya pili ni chochote kinachozidi pale, na huko shirika linaweza kuchomoka likithibitisha, wao sio wewe, kwamba hawakuwa na uzembe wowote au kwamba madhara yamesababishwa na mtu wa tatu peke yake. Neno lenyewe ni hilo, peke yake. Kwa hiyo ile hoja yao ya "kosa ni la abiria mwenzako" ipo kweli kwenye mkataba, hawajaitunga, ila mahali pake ni ngazi ya pili, na wewe kwa jino moja na kifundo kilichopona sidhani kama utafika huko. Wamekuletea utetezi wa ghorofani na kesi yako iko chini. Na hata ungefika, mtu unayemmiminia pombe mwenyewe alafu unaambiwa mara 2 kwamba anasumbua, utasemaje madhara ni yake peke yake?

Alafu tafadhali usijengee nyumba zile laki 2. Kile ni kiwango cha kutenganisha ngazi, sio zawadi, unalipwa ulichopoteza na ukakithibitisha. Adhabu ya kulikomoa shirika haipo, ibara ya 29 imeifuta kabisa, na ibara hiyohiyo inakuzuia kuukwepa mkataba kwa kufungua kesi ya uzembe ya kawaida pembeni. Kwako mimi naona gharama za jino (na usihesabu jino bandia la leo tu, muulize daktari wa meno aandike litadumu muda gani na kubadilisha ni shingapi), matibabu ya mkono, maumivu yenyewe, na ile miezi 2 na nusu bila kusuka. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau sana. Mkono wa msusi ni ofisi yake. Lete karatasi ya mshahara, kama ulikuwa unalipwa kwa kichwa lete daftari la saluni, ujumbe wa wateja waliotaka nafasi ukawaambia mkono mbovu, skrinshoti zote hizo ni ushahidi.

Watajaribu pia kukupunguza kwa ibara ya 20, ambayo inaruhusu fidia kukatwa kama mwenyewe ulichangia, na hii inafanya kazi hata kwenye ile ngazi ya kwanza. Watakuuliza: ulimtukana? ulimsukuma? uliingia kuamua ugomvi? Jibu ukweli tu, na kama kulikuwa na maneno mliyorushiana mwambie wakili wako mapema, asije akayasikia mahakamani kwa mara ya kwanza. Mimi yalinikuta, mteja wangu alisahau kunitajia kwamba yeye ndo aliyeanza kumwaga juisi. Nilikaa pale mbele ya hakimu nahisi masikio yanawaka.

Kuhusu kuogopa ndege, hapa nasikitika kukwambia sheria ina roho ngumu. Mkataba unasema madhara ya mwili, na mahakama nyingi zimelishika neno hilo kwa meno. Marekani 1991, kesi ya Eastern Airlines, ndege ilizimika injini zote juu ya bahari, abiria wakaambiwa jiandaeni tunatua majini, kisha injini moja ikawaka wakatua salama Miami, mahakama ikasema hofu tupu bila jeraha hailipwi. Uingereza 2002 ni mbaya zaidi kwa maoni yangu: binti wa miaka 16 yuko peke yake kwenye ndege ya KLM kutoka Kuala Lumpur kwenda Amsterdam, anashtuka usingizini anakuta mkono wa mwanaume wa siti ya jirani uko kwenye paja lake. Akapata sonona, daktari kaandika. House of Lords, ndo ilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, ikasema sonona sio jeraha la mwili, hapati kitu. Mimi hii hukumu sijawahi kuipenda, najua majaji walibanwa na maneno ya mkataba lakini kuna hukumu ukisoma unafunga kitabu unaenda kunywa maji.

Wasomaji wa Kenya wa umri wangu mtakumbuka ile ya 29 Desemba 2000, British Airways kutoka Gatwick kwenda Nairobi, abiria aliyekuwa amechanganyikiwa akavamia chumba cha marubani akadaka usukani, Boeing 747 ikaporomoka juu ya Sudan mpaka watu wakaagana, kapteni akarudi mbio akapambana naye akang'atwa sikio. Ikatua Nairobi salama. Mamia ya watu walioona kifo, na kwa mkataba wa enzi hizo aliyetoka bila jeraha alikuwa na kazi ngumu sana ya kudai.

Mambo yameanza kulegea lakini. Marekani 2017 mahakama moja ya rufaa, kesi dhidi ya Etihad, abiria alichomwa kidole na sindano iliyoachwa kwenye mfuko wa siti, ikasema ukishakuwa na jeraha la mwili hata dogo, mateso ya akili yaliyotokana na ajali ileile yanaingia kwenye hesabu. Na Ulaya 2022, kesi ya Laudamotion, mama aliyerushwa na upepo wa injini wakati wa kutoka kwa dharura akapata kiwewe, mahakama ikasema kiwewe kikubwa cha kiwango hicho kinalipwa sawa na madhara ya mwili. Wewe una jino na kifundo, kwa hiyo mlango wa mwili umeshafunguka, hofu ipitishe humohumo nyuma ya jino. Lakini nenda kwa daktari wa akili aandike, kusema tu "usingizi hakuna" hakutoshi.

Haya, fomu. Mkataba unakulinda sana kabla hujaumia, chochote kilichoandikwa kwenye tiketi kwamba shirika halihusiki au litalipa kidogo ni batili, huna haja hata ya kukisoma. Ila ukishaumia wewe ni mtu mzima, makubaliano ya kumalizana ni halali, na ile sentensi iliyo chini kwenye fomu yako inayosema umepokea dola 150 kama malipo kamili na ya mwisho, ukiweka saini pale umeuza jino, kifundo na mkono wa kusukia kwa bei ya vocha ambayo, umeiona?, ina mwaka mmoja wa matumizi na ni ya kupanda ndege zao. Wewe unayeogopa ndege. Sijui kama waliwaza hilo. Wakitaka kukupa vocha ya pole isiyo na masharti pokea, wala haiui dai lako, ila masharti yaondolewe kwa maandishi.

Sasa kitu kinachonifanya nikujibu wewe leo na kuwaacha wengine 20 kwenye foleni. Miezi 17. Ibara ya 35 inasema haki ya kudai inakufa usipofungua kesi ndani ya miaka 2, na miaka hiyo wewe ihesabu kuanzia siku ndege ilipogusa lami ya Dar. Una miezi 7. Kufungua kesi maana yake kesi imesajiliwa mahakamani, kuandikiana imeili na ofisa wa huduma kwa wateja sio kufungua kesi, kuambiwa "tunalifanyia kazi suala lako" hakusimamishi saa, na mashirika yanajua hilo vizuri sana. Niliwahi kuletewa faili na mzee kutoka Tanga, nyonga imevunjika, kosa la shirika liko wazi kama mchana, barua 31 za upole mtupu za kwenda na kurudi, mwezi wa 26. Nilimchemshia chai tukaongea mambo mengine.

Kesi inafunguliwa wapi? Hapa kuna mtego na wewe umeukanyaga bila kujua. Mkataba unataja sehemu tano: shirika lilipoandikishwa, makao yake makuu, ofisi yake iliyouza tiketi, mwisho wa safari, na makazi ya kudumu ya abiria siku ya ajali ilimradi shirika linafanya biashara ya kubeba abiria huko. Utasema mwisho wa safari yangu ulikuwa Dar. Hapana, tiketi yako ni ya kwenda na kurudi iliyokatwa Ghuba, na kwa sheria mwisho wa safari ya kwenda na kurudi ni pale ulipoanzia, yaani Ghuba, haijalishi kwamba hukurudi. Kwa hiyo ukitaka kesi iwe Dar unaingilia mlango wa tano, makazi ya kudumu. Uraia peke yake hautoshi, lakini mtu mwenye mkataba wa kazi wa miaka 2, kibali kimefungwa kwa bosi, anaishi chumba cha saluni, huku nyumba, watoto na kitambulisho cha NIDA viko Dar, mimi nasimama nabishana bila aibu kwamba makazi yake ya kudumu ni Dar. Kusanya vielelezo vya hilo pia, barua ya serikali ya mtaa, ada za shule za watoto ulizokuwa unalipa. Na kwa sababu wanaweza kubishia hilo na mkabishana miezi, usisubiri mwezi wa 23 ndo ufungue, maana ukishindwa Dar utataka muda wa kufungua kule makao makuu yao.

Suala la polisi lisikukatishe tamaa. Jamaa kuachiwa ni jinai, dai lako ni madai, hivi vitu havishikani mikono. Tena jinai za angani zina tatizo la zamani, Mkataba wa Tokyo wa 1963 uliipa mamlaka ya kwanza nchi ndege ilikosajiliwa, kwa hiyo polisi wa nchi ndege inakotua mara nyingi anakuwa na mtu mkononi ila hana sheria ya kumshtaki, anaandika maelezo anamwachia. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kufanya kazi 1 Januari 2020, ilikuja kuziba tundu hilo kwa nchi zilizojiunga. Unachotaka wewe pale kituo cha eapoti sio mlevi, ni RB namba, yaani namba ya taarifa yako polisi, na nakala ya PF3 yako, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, maana PF3 ina tarehe, ina jeraha na ina muhuri wa hospitali, hakuna karatasi nyingine itakayounganisha ile ndege na lile jino vizuri kama hiyo.

Wiki hii waandikie shirika barua, sio kuomba, kuwataka watunze na wakupe ripoti ya tukio iliyoandikwa na wahudumu na kapteni, orodha ya siti, na kumbukumbu ya vinywaji vilivyotolewa kama ipo. Kapteni akikabidhi mtu polisi kuna karatasi inaandikwa, haiwezekani isiwepo. Pombe kwenye ndege nyingi za huko ni ya bure kwa hiyo usitegemee risiti, hapo utategemea macho ya watu. Yule kaka wa siti ya nyuma ndo shahidi wako mkubwa kuliko wote, yeye alikuwa anamtazama jamaa usoni, na kama ulivyoniambia kwenye ujumbe wa pili alikuachia namba yake ya WhatsApp mkiwa kwenye foleni ya mizigo, mtafute leo kabla hajabadilisha laini, umwombe aandike kwa maneno yake mwenyewe aliona glasi ngapi na alimsikia mhudumu anakujibu nini mara ya kwanza na mara ya pili.